Shahidi wa Pili

Gari halikuwapo.

Hapo ndipo tulipomwacha Nasriya Ijumaa iliyopita: amepiga magoti mlangoni mwa hema, jua halijachomoza, na pale ambapo gari la mumewe lilikuwa limeegeshwa tangu jana pamebaki mistari miwili ya matairi, inayopanda kilima cha mchanga na kupotelea upande wa pili.

Aliita jina la Thabit. Sauti yake haikurudi. Mlima humrudishia mtu sauti yake, lakini mchanga huinywa.

Alivaa viatu akaifuata mistari ile hadi kileleni. Huko aliona vilima vingine, na nyuma ya vilima hivyo vingine tena, na katika upana wote ule wa jangwa la Sharqiya hakikuwako kitu kinachosogea. Akageuka kurudi hemani, na katika kurudi akayaona yale ambayo kiwewe kilimzuia kuyaona alipotoka.

Madumu yote ya maji yalikuwa yamepangwa upande wa hema ambao jua lisingeufikia mpaka alasiri. Jiko la gesi lilikuwa juu ya ubao wake, limefungwa mtungi mpya. Chupa ya chai ilikuwa imejaa na ingali moto. Tende zilifunikwa kwa sahani, na juu ya sahani kuliwekwa nyundo ya kupigilia vigingi, ili upepo usiifunue.

Mtu aliyetekwa hapangi maji. Mtu aliyeondoka kwa hasira hamimini chai katika chupa. Nasriya aliketi karibu na jiko akaelewa, au alidhani ameelewa. Thabit alikuwa ameondoka kwa hiari yake, taratibu, kwa adabu, kama alivyofanya mambo yote ya maisha yake. Amemwacha kwa wema.

Na siku aliyoichagua haikuwa na nyingine ya kufanana nayo. Msomaji anayejiunga nasi leo apokee habari hii kwa ufupi, kwa kuwa kila kitakachofuata kinaning'inia juu yake.

Miezi mitatu nyuma, jikoni mwa nyumba yao ya Ghubra, mjini Maskati, Thabit alimtamkia mkewe talaka moja. Talaka ya namna hiyo haivunji ndoa papo hapo. Mke hubaki katika nyumba ya mume akikaa eda, na muda wote wa eda mume anaweza kumrejea kwa neno tu, bila mahari wala ndoa mpya. Sharti ni moja: neno hilo lisikiwe na wanaume wawili. Rejea isiyo na mashahidi wawili, kama wazee wao walivyowafundisha, ni upepo.

Neno hilo Thabit hakulisema. Eda ya Nasriya, mwanamke aliyekwisha kuvuka umri wa kuzaa, ilikuwa inamalizika siku hii, jua likizama. Baada ya hapo wangekuwa watu baki. Ingebaki njia ya ndoa mpya, yenye walii na mahari, mbele ya macho ya Ghubra nzima, na wawili hawa wasingeipita, kwa sababu hata talaka yenyewe hawakumwambia mtu. Walikuwa wameificha kama watu wengine wanavyoficha maradhi.

Hata safari hii ya mahema ilizaliwa na ufichaji huo. Binti yao wa pekee, Shurooq, ameolewa na anaishi Australia, na yeye na mumewe hupenda kuingia katika jangwa jekundu la huko, wakalala nje na kupika juu ya moto. Yeye ndiye aliyewanunulia wazazi wake hema na kuwaambia kwa simu kwamba na wao waende, wamtumie picha. Mtu anayeficha talaka atakataaje zawadi ya bintiye? Wakapeleka gari gereji Wadi Kabir likafungwe vyuma vya kubebea mizigo juu ya paa, wakashuka hadi Salalah, wakarudi kwa njia ya pwani. Nasriya alilala hemani na Thabit garini. Kila jioni walisimama bega kwa bega, wakatabasamu, picha ikapigwa na kutumwa. Kisha kila mmoja alirudi upande wake wa moto.

Jangwa hili ndilo lilikuwa kituo cha mwisho kabla ya Maskati.

Asubuhi ile Nasriya aliwasha simu. Haikuwa na mtandao. Picha ya jana ilikuwa bado haijaondoka, imeganda katika safari yake kwenda Australia. Aliitazama, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kutazama chenye uso wa mtu. Yeye mwenyewe alikuwa akiitabasamia kamera. Thabit hakuwa akiitazama kamera. Alikuwa akimtazama yeye.

Aliizima simu ili asiione tena.

Jua lilipanda. Alikunywa chai kidogo, akala tende moja, akaifunika sahani vilevile na kuirudisha nyundo mahali pake, kana kwamba mwenyewe angerudi akague. Hakulia. Alifikiri juu ya nyumba ya Ghubra: vyumba viwili vyenye milango iliyofungwa, na miguu ya mwenzako unayoisikia ukumbini, ukangoja ipite ndipo utoke. Aligundua, bila kushangaa sana, kwamba upweke huu wa mchangani hakuwa akikutana nao kwa mara ya kwanza. Tofauti ilikuwa kwamba huku haukuwa na kuta.

Jua lilikuwa limekaribia utosi aliposikia injini.

Alisimama haraka. Lakini mlio ule haukuwa wa gari lao. Pikapu nyeupe iliyochoka iliruka kilele cha kilima, ikateremka ubavuni kwa ustadi na kusimama mbele ya hema. Dereva alikuwa mwanamke wa kibedui, mwenye barakoa nyeusi usoni, na mkono mmoja tu juu ya usukani.

"Wewe ndiye mke wa yule mtu asiyekunywa?" aliuliza kwa Kiarabu cha jangwani, bila kuzima injini.

Nasriya alimuuliza kama mumewe yu hai.

"Hai kabisa. Amekaa kwangu tangu asubuhi kama mtu aliyekuja kuposa. Na mimi binti sina."

Jina lake lilikuwa Hamdiya, na habari aliyoileta ilikuwa ngeni kiasi kwamba alilazimika kuieleza mara mbili. Mara tu baada ya jua kuchomoza, Thabit aliwatokea kwa miguu, kanzu imejaa mchanga. Gari lake lilikuwa limezama nyuma ya vilima vitatu. Jana alikuwa ameyajaza matairi upepo kwa ajili ya barabara ya lami ya kurudia Maskati, na alfajiri, kwa haraka aliyokuwa nayo, akaingia nayo mchangani yakiwa magumu vilevile. Hamdiya alimkaribisha akammiminia kahawa. Mgeni aliipokea finjani, akashukuru, akaiweka chini mbele yake ikiwa imejaa.

"Unajua maana yake kwetu?" Hamdiya aliuliza.

Nasriya hakujua. Yeye ni mtoto wa mjini, wa nyumba iliyokuja kutoka Unguja, na kwao kahawa iliyoachwa ni kahawa iliyopoa tu.

Hamdiya akamfundisha. Mgeni anayeiweka finjani chini bila kuionja ana haja, wala hatakunywa mpaka mwenyeji amwambie kwamba haja yake imekubaliwa. Mwenyeji mwenye heshima hulikubali ombi kabla hajalisikia. Basi Hamdiya alimwambia mgeni aseme haja yake. Mgeni akajibu kwamba atawasubiri wanaume. Hamdiya akamweleza kwamba mumewe, Saeed, na ndugu wa mumewe, Hatem, wako kwa ngamia mpaka alasiri. Mgeni akasema atasubiri.

"Finjani ya kwanza ikapoa, nikamwaga. Ya pili ikapoa. Nikauliza kama ameacha watu njiani, akaonesha kwa kidole huku kwako. Basi nikasema, nimfuate mwenye naye, huenda yeye anajua ugonjwa wake."

 Nasriya aliuliza kitu ambacho hata yeye hakukitegemea. Aliuliza kama Thabit alitaja idadi ya wanaume anaowahitaji.

Hamdiya alimkazia macho kupitia barakoa. "Ajabu. Hilo ndilo pekee aliloniuliza. Kama wako wawili."

Nasriya aliketi chini, palepale mchangani, mbele ya tairi la pikapu.

Hakuwa ameachwa. Thabit alikuwa amekwenda kutafuta mashahidi.

Alicheka, na kicheko hakikumaliza safari yake. Kiligeuka njiani kikawa kitu kingine. Njia yote ya Salalah, kwenda na kurudi, waliketi pamoja katika gari moja, na mtu huyu hakufungua kinywa. Sasa amevuka vilima kwa miguu ili awaambie watu wawili asiowajua jambo ambalo yeye, aliyelala hatua chache kutoka kwake, hakuambiwa.

Walipokuwa njiani alimweleza Hamdiya yote. Dada zake hawakuyajua, Shurooq hakuyajua, na siri waliyoifunika kwa Kiswahili nyumbani ilitoka kwa Kiarabu, ndani ya pikapu inayonuka ngamia, kwa mwanamke ambaye uso wake hakuwahi kuuona. Hamdiya alisikiliza huku akikwepa mabonde.

"Sheria inamruhusu akurejee bila kukuuliza," alisema mwishoni.

"Naijua."

"Basi wewe unataka nini?"

"Aniulize."

Hamdiya aliendesha mpaka walipoliona boma la ngamia. Hapo alizima injini, akasema kwamba katika kivuli kile kahawa humiminwa na yeye, na kwamba wageni wake leo ni wawili.

Thabit alikuwa ameketi chini ya paa la makuti ya mtende, finjani mbele yake. Alimwona mkewe akasimama. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, ambaye kwa muda mwingi wa maisha yake alikuwa rubani katika Bandari ya Sultan Qaboos: alipanda meli za watu wengine na kuziingiza gatini salama, kisha akashuka bila kukumbukwa jina. Midomo yake ilisogea. Nasriya alisubiri.

"Umekunywa chai?" Thabit aliuliza.

"Nlikunywa."

Basi. Maneno yakaishia hapo. Nasriya aliketi upande wa pili pamoja na Hamdiya, akapokea finjani yake, akaiweka chini mbele yake bila kuionja. Thabit aliiona. Alijua maana yake, kwa kuwa baba yake alikuwa amemfundisha desturi za bara hili. Aliinamisha macho na hayakuinuka tena mpaka alasiri.

Wanaume walirudi kivuli kilipokuwa kimeanza kurefuka. Hatem, mdogo wa Saeed, kijana mwenye mabega mapana na subira fupi, aliposikia kwamba mgeni ana gari lililozama, hakuketi hata kidogo. Alichukua koleo na kamba, akasema mgeni asitie shaka, akapanda gari lake akaondoka.

Thabit aliinua mkono kumzuia.

Kisha akaushusha. Angemzuia kwa sababu gani, wakati bado hajaiambia nyumba ile haja yake? Na haja haitajwi kabla ya habari kuulizwa, na habari haziulizwi kabla ya salamu kukamilika. Adabu ile ile iliyomwongoza maisha yake yote ilimkalisha chini, na shahidi wa pili akapotelea nyuma ya kilima.

Saeed alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, mpole, asiye na haraka hata chembe. Aliuliza habari za Maskati, za mvua, za njia, na kila jibu alilipokea kwa kumshukuru Mungu. Alipomaliza aliitazama finjani iliyojaa.

"Kunywa. Haja yako imekubaliwa."

Thabit aliinywa kahawa baridi hadi tone la mwisho. Akasema. Alisema kwa sentensi chache zilizonyooka, kama mtu anayetoa ripoti: ana mke katika eda, eda inakwisha na jua hili, anataka kumrejea, anahitaji wanaume wawili wa kusikia.

Saeed aliligeukia jua. Lilikuwa bado na urefu wake juu ya vilima. Mmoja yuko hapa, alisema, na wa pili yuko chini ya gari lako, atarudi.

"Saeed," Hamdiya aliita kwa sauti ya kawaida kabisa. "Huku nako kuna finjani."

Mzee aligeuka. Aliiona finjani ya Nasriya, imejaa hadi ukingoni. Akaiangalia ya Thabit, iliyokuwa tupu. Akamwangalia mkewe, kama mtu aliyeishi naye muda wa kutosha kujua kazi ya mikono yake.

"Kunywa na wewe, binti yangu," alisema hatimaye. "Haja yako imekubaliwa."

Nasriya hakunywa kwanza. Aliitaja haja yake: asishuhudie mtu yeyote mpaka Thabit amuulize yeye, kwa kinywa chake mwenyewe, na yeye ajibu.

Saeed alitabasamu ndani ya ndevu. Yeye mwenyewe amejifunga kamba mbili kwa ahadi mbili, alisema, moja mashariki na moja magharibi, na sasa ngamia ni yeye. Kisha akamwambia Thabit amuulize mkewe.

Thabit alinyamaza.

Kimya hicho Nasriya alikuwa akikijua. Ndicho kilichoijaza nyumba ya Ghubra tangu Thabit alipostaafu. Kila asubuhi alivaa kanzu safi, akaondoka, akarudi adhuhuri, na hakusema alikotoka. Mazoon, dada wa Nasriya, alikuwa amenong'ona juu ya mwanamke aliyepangishiwa nyumba Wadi Kabir, na baadhi yetu tuliofuatilia habari hii tangu mwanzo tuliamini. Siku ya talaka, Nasriya alikuwa akikaanga samaki. Alimuuliza jambo moja tu. Shurooq akipiga simu leo akiuliza baba yuko wapi, nimwambie uko wapi?

Thabit, aliyekuwa ameketi mbele yake, alimjibu kwa talaka.

Sasa kivuli cha paa kilikuwa kimewafikia magoti. Hamdiya aliishika dele yake ya kahawa bila kummiminia mtu. Na Thabit alipofungua kinywa, alizungumza Kiswahili, lugha ya jikoni mwao, ambayo wenyeji wale hawakuielewa.

"Nlikuwa bandarini."

Nasriya hakusogea.

"Uliniuliza niko wapi. Nlikuwa bandarini. Kila siku. Nnakaa pale juu ya ukuta, upande wa soko, nnatazama meli za watalii zinavyoingizwa. Wanaziingiza vijana." Alikohoa. "Wanaziingiza vizuri, Nasriya. Na mimi nnakaa pale kila siku nikimuomba Mungu mmoja wao akosee."

Upepo ulipita katika makuti.

"Mtu mzima. Nnaomba meli igonge, watu wamo ndani. Ntakwambia nini nikirudi? Ulipouliza, nikaona umeshajua mimi ni mtu gani. Nikakuacha kabla hujaniacha."

"Mazoon alisema una mke Wadi Kabir."

"Wadi Kabir nnakwenda kutia gari oili."

Pembe ya mdomo wa Nasriya ilitikisika, akaizuia. Akamuuliza kwa nini hakuyasema haya nyumbani, wala njiani, wala jana.

"Nliogopa utasema hapana."

"Na hapa?"

"Hapa pia. Ndiyo maana nliondoka umelala." Akamwangalia, kama alivyokuwa akimwangalia katika picha ile iliyokwama. "Sasa nnakuuliza. Unataka nikurejee?"

Hakuna aliyeyaelewa maneno hayo isipokuwa yeye, lakini wote walielewa kwamba ameulizwa. Saeed aliinamisha kichwa. Nasriya aliitazama finjani yake kwa muda mrefu. Aliipima ile milango miwili ya Ghubra. Alikipima kile kitanda cha hema, chenye nafasi ya mtu wa pili. Alimfikiria mtu aliyekaa juu ya ukuta kila asubuhi, peke yake, wakati yeye akikaa jikoni, peke yake, na kati yao ni mwendo mfupi wa gari ambao hakuna aliyeuthubutu.

Akaiinua finjani. Akainywa. Alipomaliza aliitikisa kidogo mkononi, kama afanyavyo mgeni aliyetosheka, akamrudishia Hamdiya.

"Nataka," alimwambia Thabit kwa Kiswahili. Kisha akamgeukia Saeed kwa Kiarabu. "Shuhudia."

 Saeed alikuwa akilitazama jua.

Lilikuwa limeshuka. Wakati watu wakitafuta maneno lenyewe halikuwa limemsubiri mtu, na sasa tumbo lake lilikuwa karibu kugusa mgongo wa kilima cha magharibi. Hatem hakuwa amerudi. Njia ya mashariki ilikuwa tupu, haina hata vumbi.

"Mimi peke yangu ni nusu," Saeed alisema.

Simu haikushika nyuma ya vilima vile. Thabit alisimama, akaketi, akasimama tena. Nasriya alijua muda ule umeliwa na nani. Finjani yake ndiyo iliyoula. Alikuwa ameshikilia haki yake, na haki yake ilikuwa sahihi, na huenda ikamgharimu mume aliyemkubali sasa hivi.

Waliposikia injini waligeuka wote kuelekea mashariki. Lakini mlio ulitoka nyuma yao. Hamdiya alikuwa tayari ndani ya pikapu, ameshusha kioo.

"Ikiwa shahidi haji kwenye maneno," alisema, "maneno yatamfuata shahidi."

Nasriya aliingia mbele. Thabit na Saeed walipanda nyuma, mzee akishikilia kilemba chake, na pikapu ikakiparamia kilima cha kwanza. Hamdiya hakupunguza mwendo kileleni. Kivuli cha gari kilikimbia mbele yao, kirefu, kikazidi kurefuka. Kila waliposhuka bondeni jua lilipotea. Kila walipopanda lilirudi, limepungua. Bonde moja. Kilele. Bonde la pili, refu kuliko la kwanza, limejaa kijivu cha jioni.

Kisha kilele cha mwisho, na chini yao gari la Thabit.

Hatem alikuwa ndani yake, nyuma ya usukani, vioo vimefungwa. Alikuwa ameyapunguza matairi upepo na kuuchimba mchanga, na sasa alikuwa akilikanyagia gari kwa nguvu zote ili litoke. Injini ilinguruma. Magurudumu yalirusha mchanga nyuma kama maji.

Hamdiya alipiga honi. Hatem hakusikia.

Ndipo Nasriya aliposikia sauti juu ya kichwa chake, sauti ambayo hakuwahi kuisikia tangu alipoolewa. Thabit alikuwa amesimama wima nyuma ya pikapu, ameshika chuma cha paa, na alikuwa akipiga kelele. Mtu yule aliyenyamaza Ghubra, akanyamaza njia yote ya Salalah, aliyenyata alfajiri akipanga maji ili asimwamshe mtu, alikuwa akilitangazia jangwa zima kwa Kiarabu kwamba amemrejea mke wake Nasriya, na kwamba waliopo washuhudie.

"Nimesikia," alisema Saeed kando yake.

Chini bondeni, Hatem aliinua uso. Aliwaona watu juu ya kilele, mmoja amesimama akipunga mkono, akadhani wamekuja kumsaidia kusukuma. Akawapungia na yeye. Akazima injini, akafungua mlango, akatoka. Kimya kilishuka juu ya mchanga.

Hatem aliweka kiganja nyuma ya sikio, kuonesha kwamba hakusikia kitu.

Saeed hakuwa tena akiwatazama watu. Alikuwa amegeukia magharibi, na midomo yake ilikuwa imeanza kusogea polepole, kama ya mtu anayejiandaa kuadhini. Ukingo uliobaki wa jua ulikuwa mwembamba kuliko ukucha.

Nasriya aliufungua mlango, akasimama juu ya ngazi ya pikapu, akainua uso kumwelekea mumewe.

"Sema tena," alimwambia.

Thabit akajaza kifua pumzi.